Nakala ya Nyumba Nyingine

Jumatatu, 3 Machi

Mukai amepiga simu kutoka Doha, dakika kumi na mbili, kisha zamu ya hospitali ikamwita. Ati amesikia najibizana na redio na jambo hilo linamtia wasiwasi. Nimemwambia redio ndiyo huanza. Hakucheka. "Andika basi, Mama. Kila siku, hata mstari mmoja." Haya, naandika. Kwa kuwa ni kama nimeajiriwa upya, nijitambulishe: Ndinda, mpiga chapa mstaafu wa kanjo, yaani baraza la jiji, miaka sitini na tatu, mjane, mama wa binti mmoja aliye mbali. Nyumba ya mwisho kwenye laini yetu, Kaloleni. Mvua bado.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Hakuna mtu aliyebisha.

Ijumaa, 7 Machi

Saiba ya Nduta imevamiwa. Si wezi wa kuvunja mlango. Nduta ni yule mama wa saiba, kile kibanda cha kompyuta karibu na ukumbi, mimi huchapishia kwake tangu printa yangu ife. Nimemkuta nje kwenye stuli, mikono mapajani. Kompyuta zote nne zina maandishi mekundu: lipa, la sivyo mafaili yako yamekwenda.

"Kila kitu kiko, Mama Mukai," akaniambia. "Nakiona kwa macho. Hakuna kinachofunguka."

Barua za watu za kazi, picha za pasipoti, kazi za shule, vyote vimefungwa na vimebandikwa mkia wa herufi ambazo hata hazitamkiki. Nimerudi nyumbani nimesahau hata nilichokwenda kuchapisha.

Niseme kwa nini naogopa. Kwenye kompyuta yangu kuna folda mbili. Moja inaitwa MAZISHI. Mtu akifa hapa mtaani, familia huniletea picha na karatasi yenye majina, nami naandika wasifu wa marehemu na kupanga programu ya mazishi. Miaka kumi na mitano sasa. Folda ya pili inaitwa SAUTI, ina rekodi kumi na moja za mume wangu, Wathome. Mwaka ule wa ugonjwa alikaa kwenye kile kiti cha mkono na kunisimulia maisha yake kipande kwa kipande, ili nisije nikamwandikia uongo. Simu niliyomrekodia iliingia kwenye ndoo ya maji. Kwa hiyo sauti ya Wathome iko mahali pamoja tu duniani, kwenye hii kompyuta kuukuu iliyo chini ya kitambaa cha kufuma, kando ya kifaru chake cha kuchonga, cha mti wa muhugu. Hii ikifungwa, basi. Nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Jumamosi, 8 Machi

Nduta amekuja na hasira zake zote, akazimalizia kwenye mashine yangu. Kuna vitu ilikuwa inaomba isasishiwe tangu mwaka jana, nami nilikuwa nabonyeza "baadaye." Amenitazama vile daktari hutazama mtu aliyeficha kidonda. Kisha akafungua mahali pa ulinzi na kunionyesha kitufe kimoja kidogo: kikiwashwa, hakuna programu itakayogusa folda zangu ila ile niliyoiruhusu kwa jina. Kilikuwa kimezimwa tangu siku ya kwanza.

"Virusi vya siku hizi haviibi," amesema. "Vinafunga. Sasa hii ikiwa on, kikija kufunga, kinaambiwa wewe ni nani?"

Kisha akatoa diski mbili ndogo, kila moja saizi ya kipande cha sabuni, akanakili folda zote mbili kwa kila moja.

"Nakala tatu. Moja kwa mashine. Moja kwa hii diski, unachomeka, unanakili, unachomoa. Unachomoa saa hiyo hiyo, si kesho. Ikibaki imechomekwa, kitakachokula mashine kitakula na diski. Na ya tatu ilale nyumba nyingine kabisa. Moto ukija, mwizi akija, ikose kuwa hapa."

"Nyumba gani?"

"Aaah, Mama Mukai! Ya mtu wako yeyote."

Jumapili, 9 Machi

Mtu wangu yeyote. Nimekaa kanisani nikihesabu nyumba badala ya kusikiza mahubiri.

Ofisi ya mchungaji: droo haina ufunguo, na karani wake angefuta Wathome aweke nyimbo za kwaya. Dada yangu Nzisa, kule Mwingi: wajukuu wangeifungua kwa kisu waone ndani mna nini. Nduta mwenyewe amekataa. "Kwangu kumevamiwa juzi, unaleta nini?"

Baada ya ibada watu wamenisalimia kwa mikono miwili. "Mpiga chapa wetu!" Wananijua, ndiyo. Nimekaa kwenye viti vyao, nimekunywa chai yao, nimewauliza jina la shangazi aliyesahauliwa. Lakini nilipojaribu kukumbuka ni nyumba gani naweza kuingia kama hakuna aliyekufa humo, sikupata hata moja. Nimeumia, sitaficha.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi kompyuta imeniandikia: hakuna tishio lolote, uko salama. Nimeijibu asante. Mukai asijue.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imefika! Na vigae vya kanjo vimeanza mambo yake. Panavuja pale pale, juu ya ukuta wa katikati. Nimeweka karai, nikasikia upande wa pili karai linawekwa pia. Ni Phelister. Tunatumia ukuta mmoja, na siku hizi tunatumia pia tundu moja la paa.

Miaka ishirini na sita tulikuwa tunaingiliana bila hodi. Mumewe Obonyo alipofariki, wasifu wake niliuandika nikilia, na yeye ndiye aliyenishika nyuma siku Wathome anateremshwa. Siku hiyo hiyo tukakosana, kwa sababu ya jina moja. Miaka miwili na miezi sasa. Ufunguo wangu wa akiba uko kwake, wake uko kwangu, na hakuna aliyerudisha wala kudai.

Sitaki kuandika zaidi leo.

Alhamisi, 20 Machi

Kile kitufe cha ulinzi kimenizuia MIMI. Naandika wasifu wa mama mmoja, nabonyeza hifadhi, naambiwa sina ruhusa. Kwenye folda yangu! Nimeigombeza kompyuta mpaka jirani wa mbele akachungulia. Nimempigia Nduta.

"Programu yako haijulikani, mamaa. Ingia kwa orodha, iambie huyu ni wa nyumbani."

Nimeingia. Orodha ya wanaoruhusiwa sasa ina jina moja. Imenishinda, yangu haina hata hilo.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Stima imepotea kutwa, taa haziwaki.

Jumatano, 2 Aprili

Ile diski ya nyumba nyingine bado iko kwenye mkoba wangu. Naenda nayo sokoni, narudi nayo. Nilimtoa Wathome mpaka soko la Burma kununua nyama, masikini, nikamrudisha.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefanya. Asubuhi nimenakili upya kila kitu, nikatia diski kwenye mkebe mtupu wa mafuta ya Kasuku, nikafunga na mpira. Nikaenda mferejini wakati najua yuko. Phelister alikuwa peke yake, anasubiri ndoo ijae. Amekonda. Sikuwa nimeona hivyo, nilikuwa namwangalia kisogo tu.

Nikamnyooshea mkebe. "Niwekee."

Akautazama. "Ni nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno ya maana kuhusu virusi na nakala. Mdomo ukasema, "Ni Wathome."

Ndoo ikajaa, ikamwagika, hakuna aliyefunga maji. Akapangusa mikono kwa leso, akaupokea mkebe kwa mikono miwili.

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Sawa." Akaenda zake. Ndoo ameisahau. Nimembebea mpaka mlangoni, nikaiacha, nikaondoka kabla hajatoka.

Jumapili, 6 Aprili

Sikusikia chochote ukutani. Nilidhani labda atabisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Phelister kimya. Mimi pia.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepata mchezo mpya. Nikipiga pasi nachomeka diski ya nyumbani, eti nihakikishe nakala ni nzima, na kumsikiliza. Rekodi ya kwanza, utoto wake. Ya pili, kisu cha kwanza cha kuchongea. Ya nne anacheka mpaka anakohoa. Nafika ya sita nazima. Ya saba siichezi.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mukai amepiga, furaha tele, kisha akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Munyoki amenitumia salamu za Pasaka. Anakusalimu pia." Nimekata simu. Baadaye nikatuma ujumbe kwamba ni mtandao.

Basi niandike, daftari ni langu.

Munyoki ni mtoto wa Wathome, wa kabla yangu. Alizaliwa Wamunyu, akakaa kwa mamake. Wathome alitaja jina hilo kwangu mara moja tu katika ndoa yetu yote, na ni kwenye rekodi ya saba. Nikasikia vizuri sana. Nilipoandika wasifu wake nikaandika, "Ameacha mjane na mtoto mmoja, Mukai." Mimi, ninayekwenda nyumba kwa nyumba kuuliza amesahauliwa nani! Phelister ndiye tuliyemchagua kuusoma kanisani. Akafika hapo, akainua macho, akamwona mwanamume wa miaka arobaini amesimama mlangoni na kofia mkononi, sura ni ya Wathome mtupu. Akasoma, "na mtoto wake wa kwanza, Munyoki." Alijua. Wathome alikuwa amemwambia Obonyo zamani, naye Obonyo akamwambia mkewe.

Kanisa zima liligeuka. Nilihisi nimevuliwa nguo. Kaburini nikamwambia Phelister maneno ambayo sitayaandika hata hapa.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua kubwa. Karai langu, karai lake.

Jumatano, 30 Aprili

Lazima niandike yote kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi nilikuwa napiga pasi, namsikiliza Wathome. Barua pepe ikaingia, imetoka kwa Jacklyne wa Mzee Owuor, yule mstaafu wa reli wa laini ya tatu. Kichwa: TANZIA, PROGRAMU YA MAZISHI, HARAKA. Mzee Owuor ameugua tangu Desemba, kila mtu anajua. Nikakaa chini. Nikasema, jamani, Mzee ameenda. Nilimlilia kweli.

Nikafungua faili. Kompyuta ikakataa. Nikajaribu tena, ikaniambia kuna kitu kinajaribu kugusa folda zangu na kimezuiwa. Sasa mimi nilifikiri nini? Nilifikiri ni yale yale ya Machi, inanizuilia kazi yangu. Leo Jumatano, mazishi bila shaka Jumamosi, programu hupelekwa Alhamisi. Katika miaka kumi na mitano sijamngojesha mfiwa hata saa moja, sijamuuliza mfiwa swali la pili. Mtu amefiwa, nimwambie kompyuta yangu haimwamini? Nikaenda kwenye kile kitufe cha Nduta. Nikakizima.

Faili likafunguka, tupu. Karatasi nyeupe. Nikasema masikini Jacklyne, amechanganyikiwa, ametuma faili bila kitu. Heri niende mwenyewe nikatoe pole na niandike majina kwa mkono. Nikanunua sukari kilo mbili na majani ya chai, nikafunga kitambaa kichwani, nikashika mwavuli.

Pale kwa Owuor hakuna turubai. Hakuna viti. Nikabisha nikiwa tayari nalia. Mlango ukafunguliwa, na Mzee Owuor huyo hapo, ameketi na blanketi magotini, anakunywa uji.

"Karibu, mpiga chapa," akasema. Kisha akaona sukari, akaona kitambaa, akaona machozi. Ni mtu mwerevu. "Yawa! Nimekufa lini?"

Jacklyne akatoka jikoni mbio. Hajatuma barua yoyote. Tangu jana hata kuingia kwenye barua pepe yake hawezi, paswadi inakataliwa. Mzee alikuwa anacheka mpaka uji unamwagika, anasema niache sukari, ataihitaji huko aendako. Mimi nikakumbuka kile kitufe. Nilikuwa nimeelewa.

Sikumbuki njia. Mwavuli nimeusahau kwao. Nimefungua mlango nimelowa chapachapa, na kile chumba kilikuwa kimya, Wathome niliyemwacha akisimulia hasikiki. Kioo chekundu. Lipa. Diski ya nyumbani iko pale pale nilipoichomeka asubuhi, taa yake inawaka. Nimebonyeza SAUTI. Rekodi kumi na moja, kila moja na mkia wa herufi. Hakuna inayofunguka.

Nimechomoa waya ukutani. Nimelia kama mtoto, kwa sauti, na sijali nani amesikia.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nduta amekuja hata hivyo, na hakunigombeza, jambo lililonitisha zaidi. Amesema tusiwalipe hata shilingi, watachukua na hawatafungua. Amebeba mashine akaifute yote. "Ile ya nyumba nyingine iko?"

Nikasema iko.

"Usiichomeke popote mpaka nirudi. Uniapie."

Nikabaki nikitazama ukuta. Hatua kumi na moja kutoka mlango wangu hadi wake, nimezihesabu leo. Nina ufunguo wake, ningeweza kungoja aende kanisani. Nimeliwaza hilo, naona aibu. Nikaenda, nikabisha hodi kama mgeni.

Phelister akafungua. Alikuwa amevaa, kama mtu aliyekuwa tayari.

"Nilikusikia jana," akasema. "Nilifika mpaka hapa mlangoni. Nikasema utanifukuza."

"Ningekufukuza."

"Ndiyo nikarudi."

Nikamwambia kila kitu nikiwa nimesimama, Mzee Owuor na uji wake na yote. Alijitahidi asicheke, akashindwa, nami nikacheka, na kicheko changu hakikumalizikia kuwa kicheko. Akanikalisha. Chai ikaja bila kuulizwa, na alikumbuka tangawizi.

Mkebe ulikuwa ndani ya sanduku lake la Biblia, umefungwa kwa leso ya matanga ya Obonyo.

"Sikuufungua," akasema. "Mimi sina kompyuta, ningemsikia na nini? Lakini nilikuwa nikiamka namsalimia. Habari ya asubuhi, Wathome. Mkeo bado kiburi."

Nikamwambia, "Yale niliyokuambia kaburini, Phelister."

"Nayakumbuka."

"Nisamehe."

Akaweka kikombe chini. "Na mimi nilipaswa kukuuliza kwanza kabla ya kusoma. Lakini ningeona umeliacha jina lake, ningelisoma tu, Mama Mukai. Mtoto alikuwa amesimama pale."

Jumamosi, 3 Mei

Nduta amerudisha mashine, nyeupe kama mpya. Amewasha ulinzi kabla ya kitu kingine, akakiwasha kile kitufe na kunitazama. Ndipo diski ikachomekwa. Wasifu tatu za mwisho wa Aprili zimepotea, familia zina nakala za karatasi. Folda ya SAUTI: kumi na moja, zote zinafunguka. Nduta amenakili kwa diski nyingine mpya, akachomoa zote mbili, akaenda.

Phelister alikuwa kwenye kile kiti cha mkono. "Hebu nimsikie," akasema. Tukaanza ya kwanza. Tulipomaliza ya sita mkono wangu ulienda kuzima wenyewe. Akaniona. Nikaiacha ya saba ianze.

"Andika, Ndinda," Wathome anasema. "Watoto wangu ni wawili. Wa kwanza ni Munyoki, yuko Wamunyu. Sikumlea, na hilo pia liandike. Lakini mkono wake wa kuchonga ni wangu. Nilimwona siku moja sokoni, ana meza yake na vifaru vidogo. Sikumwambia mimi ni nani. Niliona haya."

Kisha sauti ya mwanamke inasema, "Nimeandika."

Ni mimi. Sikuwa hata nimeshika kalamu. Miaka miwili nimemlaumu Phelister kwa kusoma kitu ambacho sikuandika, na mtu akafa akiamini nimekiandika.

Jumanne, 6 Mei

Nimefungua wasifu wa Wathome nikausahihisha. Kisha nikamwomba Mukai nambari, nikampigia Munyoki. Sikujua pa kuanzia, nikamwuliza kama ana kompyuta. Akasema hana, ana simu tu, kwani kuna nini? Nikamwambia ninatafuta nyumba ya kuweka kitu cha baba yake.

Jumapili, 11 Mei

Mvua inapungua. Nimekula kwa Phelister.

Jumamosi, 17 Mei

Amekuja. Kofia mkononi, vile vile. Phelister alikuwa amepika samaki, akaleta sahani na kujifanya ana kazi kwake, asimame nyuma ya ukuta asikilize.

Munyoki hakuketi mara moja. Alikuwa akitazama kando ya kompyuta. Akanyoosha mkono, akachukua kile kifaru ambacho nimekipangusa vumbi miaka yote hii, mguu mmoja mfupi, nikiamini ni kazi ya Wathome ya wakati anajifunza. Akakigeuza juu chini.

"Hiki ni changu," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na minane. Kuna mzee alikinunua na mguu mbovu, nikamwambia chukua kizuri, akakataa. Hakutaka hata nikifunge kwa gazeti."

Nikamvutia kiti cha mkono, nikacheza rekodi ya saba. Alikuwa hajawahi kusikia sauti ya baba yake akijua ni ya baba yake. Jina lilipofika, alikaza kofia kwa vidole.

"Rudisha kidogo, mama."

Nikarudisha.

"Kidogo tena."

Nimerudisha mara tano. Mara ya sita nikamwonyesha kitufe, arudishe mwenyewe.